Grace Ogot aliandikaje mambo ya kutisha akiwa mkunga, mtangazaji na mbunge?

SistaWaZamu, Kisumu

Hamjambo humu. Mimi ni muuguzi, wodi ya akina mama hapa Kisumu, hospitali siitaji. Huu ni mwaka wa saba. Nikiwa zamu ya usiku, kati ya saa nane na saa kumi, wagonjwa wakishatulia na ikiwa hakuna aliyeanza uchungu, huwa naandika. Naandika nyuma ya fomu zilizoharibika, asubuhi nikifika nyumbani Manyatta nanakili kwenye simu kabla sijalala. Ninachoandika ni hadithi za kutisha. Za mapenzi nilijaribu, zikanishinda.

Ya mwisho ilimhusu mkunga anayesikia mtoto akilia usiku kwenye kitanda kisicholaliwa na mtu. Anahesabu watoto wodini: kumi na mmoja. Anahesabu tena: kumi na wawili. Daftari la makabidhiano linasema kumi na mmoja. Niliituma kwa kikundi cha WhatsApp cha wenzangu tuliosoma pamoja, mmoja akaisambaza, ikazunguka mpaka ikawafikia wamama wa kanisani. Jumapili nikaitwa kando nikaulizwa hizo roho nimezitoa wapi. Mama mkwe naye hakunigombeza, ila aliniambia kwa upole, na upole wake ndio unaonimaliza: "Nyara (yaani binti yangu), mkono unaopokea watoto usiandike mambo ya kifo."

Sasa swali. Kuna daktari mmoja mzee kazini aliyeniambia, "Grace Ogot alikuwa mkunga kama wewe, na aliandika mambo ya kutisha kuliko haya yako." Shuleni nilimsoma hadithi moja tu, ile ya mvua na binti wa chifu, na nilijibu maswali ya mila na utamaduni nikaendelea na maisha. Ni kweli huyu mama aliandika ya kutisha, au daktari alikuwa ananifariji? Na kama ni kweli, alifanyaje na kazi zote zile, mume na watoto? Hakuna aliyemwambia achague?

Tafadhali msinitumie maombi. Nimeshapata ya kutosha.

OmeraKondele

Sista, kumbe ni wewe! Hiyo ya watoto kumi na wawili ilifika kwa kikundi cha stendi yetu ya boda. Usiku ule ule kuna mama alinisimamisha karibu na daraja amebeba mtoto kafunikwa shuka gubigubi. Nilimwambia pikipiki imeisha mafuta. Kwa hivyo una deni langu la shilingi mia mbili. Kuhusu Ogot sina la kusema, nangoja wazee.

Mwalimu_Yala

Sista, daktari wako hakukudanganya. Nimefundisha fasihi miaka thelathini na mmoja, mingi yake huku Gem na Siaya. Sasa nimestaafu, nina ng'ombe wawili na muda wa kutosha, kwa hivyo vumilia mzee akiandika marefu.

Kuna hadithi yake inaitwa Tekayo. Mwaka mmoja nilikuwa mwalimu wa zamu, stima zikapotea wakati wa masomo ya jioni, nikawasomea kidato cha pili kwa taa ya kandili ili wasipige kelele. Mzee mfugaji anaona tai akipita na kipande cha nyama. Anamnyang'anya, anachoma, anakula. Utamu ule hajawahi kuuonja tangu azaliwe. Basi ndiyo imekuwa shughuli yake: anawinda mnyama huyu, anaonja ini lake, silo. Anawinda yule, silo. Na mwandishi hana haraka hata kidogo. Anakutembeza na mzee porini, na wewe msomaji unaanza kushuku kitu ambacho mzee mwenyewe bado hajakifikia. Kisha Tekayo anazeeka, na kama ilivyo kwetu, wazee ndio huachiwa wajukuu wakati wengine wako shambani. Nilipofika hapo mvulana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, funga kitabu." Sikufunga. Usiku ule hakuna aliyekwenda chooni peke yake. Walikwenda kumi kumi kama askari wa doria.

Kwangu mimi, hata hivyo, inayoshinda zote ni The Green Leaves. Wezi wa ng'ombe wamekimbizwa usiku, mmoja amepigwa, ameachwa chini kafunikwa majani mabichi mpaka kuche. Watu wanarudi kulala. Bwana mmoja, Nyagar, mtu mwenye mali yake tayari, analala akiwaza kwamba mwizi lazima ana pesa mwilini. Anaamka, anatoka peke yake gizani kwenda kumpekua maiti. Hakuna mchawi humo, hakuna zimwi, ni tamaa na majani tu. Asubuhi kijiji kinakusanyika na mzungu wa polisi amekuja, majani yanaondolewa. Siendelei. Zote mbili ziko katika mkusanyiko wake wa 1968, Land Without Thunder, na hiyo ya binti wa chifu uliyoisoma iko humo humo. Hebu irudie ukiwa mtu mzima. Mtoto wa kike anavalishwa, anaimbiwa, anaagwa kwa machozi na kusindikizwa kwenda kwa mnyama wa ziwa ili mvua inyeshe, na wanaomsindikiza ni wale wanaompenda. Sisi walimu ndio tuliiharibu kwa maswali ya "eleza mila tatu zinazojitokeza".

Umeuliza maisha yake. Alizaliwa Asembo mwezi wa Mei 1930, Grace Emily Akinyi. Baba yake alikuwa mwalimu, akiwasomea watoto hadithi za Agano la Kale kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo. Nyanya yake akawapa zile nyingine, za jioni. Ukijiuliza kwa nini binti yule anayepelekwa ziwani anakukumbusha Isaka amebeba kuni zake mwenyewe, ndiyo hiyo: masikio mawili, kila moja lilijazwa na mtu wake. Alisoma Ng'iya, kisha Butere. Uuguzi akausomea Mengo, Uganda, kuanzia 1949 hadi 1953, akaenda Uingereza kuongeza ujuzi wa ukunga, na akafanya kazi Maseno. Maseno hiyo hiyo unayopita kwa matatu ukija kwetu. Akiwa London aliwahi kuandika na kusoma vipindi vya BBC vya kuja Afrika Mashariki. Baadaye akawa ofisa wa maendeleo ya jamii hapo Kisumu, akatangaza kwa Dholuo kwenye Sauti ya Kenya, akafanya kazi ya uhusiano mwema katika shirika la ndege la Air India, akawa na duka la nguo Nairobi. Mwaka 1975 alikuwa katika ujumbe wa Kenya kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Mwaka 1983 aliteuliwa mbunge na kuwa waziri msaidizi, na 1985 akaja kugombea hapa kwetu Gem, akashinda. Mimi nilipiga kura. Sisemi nilimpa nani.

Na ndiyo, aliambiwa achague. Alisimulia mwenyewe kwenye mahojiano: hadithi zake za mwanzo alipozipeleka kwa mchapishaji, meneja alishindwa kuelewa inakuwaje mwanamke Mkristo aandike makafara na dawa za kienyeji badala ya kuandika wokovu. Soma sentensi hiyo tena, halafu uniambie kama si sauti ya wamama wa kanisani kwako. Hakubishana, alikwenda na hadithi zake kwingine. Mwaka 1962 alikuwa Makerere kwenye mkutano wa waandishi wa Afrika, Afrika Mashariki haina kitu cha kuonyesha mezani, akasimama akasoma hadithi yake. Mwaka uliofuata ikatoka katika jarida la Black Orpheus.

Lakini kitabu ninachotaka ukitafute wewe hasa kama muuguzi ni riwaya yake ya 1966, The Promised Land. Ochola na mkewe Nyapol wanahama Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta ardhi. Ardhi wanaipata, mazao yanakubali, na jirani anaona wivu. Ochola anashikwa na ugonjwa wa ngozi, mwili unaota vitu kama miiba. Hospitali ya wazungu wanajaribu na kushindwa. Nimeisoma mara nne, na kila mara naona mkono wa mtu aliyewahi kuosha kidonda. Mtu mwingine angesema "aliteseka sana" akapita. Yeye anaangalia ngozi. Anajua mgonjwa anageukaje kitandani, mke anakaa wapi, ndugu wanaongea nini wakidhani mgonjwa amelala. Hayo hakuyapata Makerere. Aliyapata wodini, usiku, kama wewe unavyohesabu watoto.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mama mkwe wako, kwa heshima zote. Ungekuwa karani wa benki, hesabu ile ya kumi na mmoja na kumi na wawili isingekujia.

KitabuMtumba_Kibuye

Mwalimu, nakuheshimu, lakini hapo umemwonyesha Sista upande mmoja wa shilingi. Mimi nauza vitabu vya mkono wa pili, huyo mama namjua kwa migongo ya vitabu vyake. Mumewe alikuwa Profesa Bethwell Ogot, mwanahistoria mkubwa. Nyumba yenye maktaba, marafiki maprofesa, safari za ng'ambo. Sista yeye anaandika nyuma ya fomu, na anaishi karibu na mama mkwe. Tusimwambie "fanya kama Ogot" kana kwamba mizani ni sawa.

Na kingine. Watu wanaokuja kwangu kutafuta Ogot ni wanafunzi wa chuo waliopewa kazi ya darasani. Msomaji wa kawaida hajui kama kuna damu humo. Amewekwa rafu ya "utamaduni" akavumbika huko.

Mwalimu_Yala

Dada, hapo kwa rafu umenikata kweli. Na sehemu kubwa ya hilo ni sisi tuliotahini.

Kuhusu mume, ni sawa, alikuwa na bahati. Inasemwa Profesa Ogot alimhimiza aandike baada ya kuona uzuri wa barua alizokuwa akimwandikia. Wengi wetu tuliandikiwa barua nzuri tukazifungia maandazi. Ila kumbuka waume wenye maktaba walikuwa wengi enzi zile, na wake zao hawakutuachia Tekayo.

Niliacha jambo moja muhimu. Baada ya kujulikana kwa Kiingereza, aligeuka akaandika kwa Dholuo. Ber Wat na Aloo kod Apul-Apul zilitoka 1981, Miaha 1983. Hiyo Miaha ina bibi harusi, jembe linalolima lenyewe na mwiko unaovunjwa. Ilitafsiriwa kwa Kiingereza 1989 kwa jina The Strange Bride. Apul-Apul ni zimwi, kama hukulelewa huku. Yaani mama aliyekuja kuwa waziri msaidizi, mtu wa Umoja wa Mataifa, alikuwa ameketi anaandika habari za zimwi kwa lugha ambayo nyanya yake angeisoma. Tawasifu yake, Days of My Life, ilitolewa na Anyange Press ya hapo Kisumu mwaka 2012. Alifariki tarehe 18 Machi 2015. Sista, itafute kabla hujatafuta ushauri wetu sisi.

Kijana_wa_Menengai, Nakuru

Nimefuatilia kimya. Mwalimu, naona unaogopa kumwita "mwandishi wa kutisha" kana kwamba ni tusi. Kwa wenzetu ni kazi kamili. Kuna Clive Barker wa Liverpool. Alianza na michezo ya jukwaani, 1984 akatoa juzuu tatu za hadithi fupi zenye damu kwa mkupuo, tatu nyingine mwaka uliofuata, 1987 akaongoza mwenyewe filamu ya Hellraiser kutoka kwa riwaya yake fupi. Halafu akachora mamia ya picha za rangi za mafuta, na akaziweka ndani ya kitabu cha vijana, Abarat, 2002. Hakuna aliyemwambia "chagua, wewe ni mchoraji au mwandishi". Mimi ni fundi wa simu hapa Nakuru, jioni narekodi hadithi za kutisha kwa sauti, na fundi jirani yangu bado anauliza nitaacha lini mchezo.

Na kwa Kiswahili msiseme hatuna mfano. Katama Mkangi alikuwa mhadhiri wa sosholojia, akaingia siasa mpaka akagombea urais 1997. Huyo huyo ndiye aliyeandika Walenisi, 1995. Mtu anahukumiwa kifo, na badala ya kunyongwa anafungiwa ndani ya chombo na kurushwa angani, kinamfikisha dunia nyingine. Shuleni tuliambiwa ni riwaya ya kisiasa. Ni ya kisiasa, sawa, lakini mimi nilikaa usiku mzima nikiwaza jinsi ya kufungiwa ndani ya kile chombo, mlango ukifungwa.

Sista, nina swali langu. Kwa nini Kiswahili? Ogot alikuwa na Kiingereza na Dholuo.

SistaWaZamu

Kijana, kwa sababu wodi inaongea Kiswahili. Usiku ninakuwa na mama Mluhya wa Vihiga, mama Mkisii, Mnandi mmoja na mke wa Mhindi. Wanaogopa kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza wanamjibu daktari tu.

Ngoja niwarudishie mrejesho, nitaandika vizuri wikendi. Dada wa Kibuye, nakuja kwako.

KitabuMtumba_Kibuye

Land Without Thunder ninayo moja, jalada limetoka, ukurasa wa mwisho umechorwa moyo na mwanafunzi fulani. Nakuwekea. Bei ya muuguzi.

SistaWaZamu

Nimerudi. Kitabu nimekisoma zamu mbili.

The Green Leaves niliisoma saa tisa usiku. Mwalimu, ulifanya vizuri kutomaliza. Nilipofika asubuhi ile ya majani, mama wa kitanda cha sita, aliyekuwa akingoja uchungu ukolee, akaniuliza mbona nimesimama wima. Nikamwambia nasoma. Akasema, "Nisomee, uchungu unakuja na kwenda, angalau nisikie kitu." Nikamsomea nikitafsiri papo hapo. Wa kitanda cha nne akaamka. Wa saba akasogeza pazia. Nilipomaliza, wa sita akanyamaza, kisha akasema, "Huyo mke wake sasa atawaambia nini watu?" Mimi nilikuwa nimefikiria maiti muda wote, hata sikumwaza mke. Alijifungua saa kumi na moja na nusu, msichana, kilo tatu na gramu mia moja. Niliwahesabu watoto mara tatu kabla ya kukabidhi zamu. OmeraKondele, walikuwa sawasawa.

Lakini lililonileta ni mama mkwe. Jumatano mchana nilikuwa nachambua mboga naye, nikamtajia tu, kwa ujanja, kwamba yule Grace Ogot mbunge wa Gem aliandika kitabu kinaitwa Aloo kod Apul-Apul. Sijakipata bado, nilitaja jina peke yake. Alisimamisha kisu.

"Apul-Apul? Hiyo wanaandika kwa kitabu?"

Nikamwambia ndiyo. Akasema mtu wa kitabu hawezi kuwa ameiweka vizuri, kwa sababu aliyeijua vizuri alikuwa nyanya yake wa upande wa Uyoma. Akaanza kunionyesha walivyokosea, kitabu ambacho hata hajakiona. Jinsi zimwi linavyokuja likiwa na sauti ya mtu wa nyumbani. Jinsi linavyokaa nje ya mlango likiita jina lako vizuri kabisa, ila linakosea kitu kimoja kidogo tu katika kuita. Mboga zilinyauka, mimi nimekaa. Alikuwa anafanya ile sauti, huyu mama wa upole wa Jumapili, mpaka kuku walitoka jikoni. Nikachomoa fomu mfukoni, nikaanza kuandika mbele yake. Aliona. Hakusema kitu juu ya mkono wangu.

Alipofika mahali msichana anaweka mkono kwenye komeo, akanyamaza, akatazama jua, akarudia mboga zake. Nikamwambia mama, endelea. Akasema ngano hazisimuliwi mchana, hata hapo alipofika amekosea, nije usiku.

Na mimi niko zamu ya usiku mpaka Ijumaa.

OmeraKondele

Sista, deni nimefuta. Ila ukiimaliza hiyo ya komeo, nakuomba kama ndugu, usiitume kwa kikundi cha stendi. Pikipiki ni ya mkopo, na wateja wangu wazuri ni wa usiku.